Wageni wa chumba cha mabomba, wekeni chini hiyo chupa

Jumamosi iliyopita nimepanda ngazi ya chumba cha kushoto cha mabomba ya kinanda chetu, kile cha upepo cha kusindikiza filamu bubu, nikamkuta mdogo wetu mmoja amechuchumaa kwenye sanduku la upepo, lile linalobeba mabomba, chupa ya gundi nyeupe mkononi, anapiga mluzi. Tumbo likanikata. Sikumfokea. Nilishuka, nikanywa maji, nikasema leo naandika.

1. Kabla ya kuwasha bloa (feni inayosukuma upepo kwenye mabomba), ulizeni kwa sauti kama kuna mtu chumbani, na msubiri jibu. Aliyewahi kuliliwa sikioni na Tuba, safu ya mabomba yenye sauti kali, hahitaji maelezo.

2. Msituni chumba kikiwa baridi. (Si porini. Msi-tuni, msirekebishe sauti za mabomba.) Joto likipanda, sauti ya mabomba ya filimbi, kama Tibia, hupanda nalo, ya yale yenye ulimi wa shaba unaotetema, kama Vox Humana, hubaki karibu palepale. Ukituni saa nane mchana bila hita, saa mbili usiku Tibia na Vox Humana watagombana mbele ya watu. Na kwa mtindo aliotuachia Hope-Jones, mbunifu wa vinanda vya aina hii, safu moja ya Tibia inaitwa kwa futi 16, 8, 4 na 2 (vimo vinne vya sauti, toka nzito hadi nyembamba), kwa hiyo bomba moja lililopotoka mtalisikia kila kona.

3. Gundi. Hapa kaeni.

Mwaka wangu wa pili nilipewa sanduku la Tibia, vifuko 61 (vya ubao na ngozi, vinavyofungua upepo wa mabomba) vya kuvalishwa ngozi mpya. Mzee aliyenifundisha alinionyesha sufuria yake: punje za gundi ya ngozi ya mnyama, maji, moto wa nyuzi 60 hivi, brashi, na mkono mwepesi kwa sababu ikipoa imeganda. Inanuka kama kwato zilizoungua. Nikajiambia huyu mzee na mambo yake ya kale. Nikanunua gundi nyeupe ya useremala, nikabeba vifuko nyumbani, jioni nne nikamaliza vyote. Nilijiona fundi kuliko mafundi.

Mzee akauliza, "Umetumia ya sufuria?" Nikasema ndiyo.

Gundi ningesamehewa. Lile "ndiyo" linanikaba hadi leo.

Ngozi ilikuwa imeinywa gundi kwenye mikunjo, ikakauka ikawa kama kadi. Noti za haraka zikaanza kuchelewa. Siku moja kabla ya onyesho la filamu bubu mzee akafungua sanduku, akatoa kifuko, akakiwekea kitambaa cha maji moto. Gundi ya sufuria huachia kwa joto na unyevu, ubao hubaki safi kwa atakayekuja baadaye. Yangu haikuachia. Akakwangua. Ngozi ikatoka na nyama ya ubao, ubao uliotoka kiwandani kwa Wurlitzer, North Tonawanda, Marekani, miaka ya 1920, kiwanda kilichotoa vinanda zaidi ya 2,000 na ambacho hakitatoa kingine.

Hakupandisha sauti. "Mwanangu, hiki kinanda nilikikuta. Wewe ulitaka kiishie kwako?"

Vifuko 19 havikuokoka. Nilivichonga upya mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi theluji ikaisha na wenzangu wakaanza kwenda ufukweni. Mzee alikuwa ananiletea chai, anaketi pembeni, hasemi kitu. Heri angenitukana.

4. Mnaojifunza kupiga, hasa mliotoka kwenye vinanda vya kanisani: huku tremu (kifaa cha kutetemesha upepo ili sauti itikisike) kuwaka ndiyo kawaida, kuizima ndiyo pambo. Macho yawe kwenye skrini. Mama anamzika mwanawe kwenye filamu, wewe unagonga kengele za farasi kwa sababu kitufe kiko karibu? Nimeyaona, na aliyefanya anajijua, nampenda sana.

5. Kila waya mnaochomoa, uandikeni. Kwa penseli. Msiseme mtakumbuka, hamtakumbuka.

Jumamosi hii nawasha sufuria saa tatu asubuhi. Yule wa mluzi akae karibu nami, na chupa aiache kwenye gari.