Impreza ya 1997 bado inaweza kushindana?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, nimenunua Subaru Impreza GC8 ya 1997 iliyowahi kukimbia rali. Fundi wangu anasema chuma cha bodi kimeshachoka kwa umri. Anataka kuishona bodi yote kwa welding, kubandika vyuma vinene chini, kisha anitengenezee keji (kizimba cha mabomba ndani ya gari cha kuwakinga mnapopinduka) kwa bei nafuu. Chasisi ya zamani namna hii inaweza bado kushindana, au niuze nitafute gari la karibuni?

JIBU: Marahaba. Usiuze, na huyo fundi asiwashe mashine yake kwanza.

Habari ya chuma kuchoka kwa umri naletewa hapa Arusha kila msimu unapokaribia, na kila mara anayeisema ndiye anayeuza dawa yake. Chuma hakilegei kwa kupita miaka. Kinacholegea ni maungio. Impreza haina fremu ya chini kama pikapu. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, yaani mabati ya unene wa karibu milimita moja yaliyounganishwa kwa maelfu ya nukta za welding. Gari likiruka na kutua, nukta hizo zinavutwa. Moja ikiachia, zilizo jirani zinabeba mzigo wake, nazo zinaachia. Kutu ikipenya katikati ya bati na bati inaharakisha kazi hiyo. Kwa GC8 anza kutazama minara ya shokapu za nyuma na matao ya matairi ya nyuma, hasa kama gari lilitoka mikoa ya theluji ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi.

Kwa hiyo bodi ya 1997 iliyotunzwa kavu inaweza kuwa nzima kuliko ya 2006 iliyoingia korongoni Monduli ikanyooshwa kwa nyundo na kufunikwa puti. Ng'oa zulia, kwangua lami ya sakafuni, tafuta nyufa. Kisha liweke gari juu ya stendi mahali palipo sawa, dondosha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwandani ya kulia na kushoto, weka alama sakafuni na pima mishazari. Mimi tofauti ikizidi milimita 5 nasimamisha kila kitu mpaka bodi ivutwe kwenye benchi ya kunyooshea bodi. Injini haiguswi kabla ya hapo.

Kushindana na nani, hilo ulipaswa kujiuliza kabla hujalipa. Gari la Rally2, daraja la kimataifa la magari ya kisasa ya rali, kama Škoda Fabia hutalifikia, ila bodi yako siyo sababu. Nalo bodi yake inaanzia kwenye gari la kawaida la kiwandani. Linakuacha kwa shokapu zenye mwendo mrefu, giaboksi ya sikwensho (gia hupanda na kushuka moja moja kwa kuvuta au kusukuma tu) na uzito wa kuanzia kilo 1,230. Lakini ukiingia daraja la magari ya rika lako, shokapu nzuri na bushi mpya zitakupa sekunde nyingi kuliko turbo kubwa. Umri wa gari peke yake haumzuii dereva: Björn Waldegård alishinda Safari Classic, rali ya magari ya zamani ya Afrika Mashariki, ya 2011 kwa Porsche 911 ya zamani. Soma tu kanuni za daraja lako mapema, maana kibali cha kimataifa cha FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, cha gari la zamani huisha hata kama gari lenyewe ni zima.

Sasa hiyo dawa ya kushona bodi nzima. Hapa ndipo watu wanapoharibiwa magari. Fundi anavuta mstari mmoja mrefu wa welding ya fimbo juu ya bati la milimita moja. Joto linalikunja bati, na pembeni ya mstari chuma kinakuwa kikavu. Halafu anabandika chuma cha milimita 5 akidhani amekaza. Mzigo haupotei, unahamia pale chuma kinene kinapokomea, na ufa unaanzia hapo hapo. Msimu ukiisha gari limeongezeka uzito na limepasuka mahali papya. Kazi halali ipo: vipande vifupi vya sentimita mbili tatu, nafasi katikati, kwa mashine ya MIG, ile ya waya na gesi, ukiruka upande huu na ule ili bati lipoe, na kwenye maungio yanayobeba mzigo tu. Ni kazi ya siku nyingi. Anayekuahidi kuimaliza wikiendi moja, mkatalie.

Na keji ya bei nafuu ndiyo inayonitisha kuliko vyote. Nimeona keji za bomba la maji, zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa, na mtu anamfunga mkanda navigeta wake ndani yake. Kanuni za FIA zinataka bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi, lenye uwezo wa kuvutwa usiopungua 350 N/mm². Tao kuu, lile linalosimama nyuma ya viti vya mbele, liwe na kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, mabomba mengine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Kila mguu wa tao ukae juu ya bamba la angalau milimita 3 lenye eneo la sentimita za mraba 120, la sivyo gari likipinduka mguu unatoboa sakafu na paa linashuka. Bomba la maji lina mshono na halikutengenezwa kubeba gari linaloviringika. Likikunjwa bila mashine yenye kalibu linabonyea kwenye kona, na kona hiyo ndiyo itakayokunjika kwanza.

Mwombe fundi cheti cha bomba kabla hajalikata. Hana, ondoka. Na ninyi wengine mliokwisha kufungiwa keji msizozijua asili yake, wakaguzi wa boila viwandani wana kipimo cha mawimbi ya sauti kinachosoma unene wa bomba bila kulitoboa. Mwiteni mmoja apime kwenye tao kuu, hasa upande wa nje wa kona. Akisoma chini ya milimita 2, msiliingize hilo gari kwenye steji, yaani kipande cha njia cha kushindania muda. Hiyo keji ikatwe yote itolewe.