Kabla ya kuomba greda, kubalianeni maji yatapita wapi

Mikutano mingi ya mtaa huharibikia kwenye "mengineyo". Barabara inawekwa mwisho wa ajenda, jua limeshakuwa kali, kila mtu anasimama kueleza shimo lililo mbele ya geti lake, mwenyekiti anasema "tumelipokea", watu wanatawanyika. Muhtasari ukitoka umeandikwa: "Wananchi walilalamikia ubovu wa barabara." Sijaona greda lililoletwa na sentensi ya namna hiyo.

Niko kwenye kamati ndogo ya miundombinu ya mtaa wetu, hapa Dodoma upande wa Nzuguni. Ushauri wangu wa kwanza: ombi liwe moja na lionekane kwa macho. Badala ya "barabara mbovu", andikeni "kalavati kwenye kivuko cha korongo, barabara fulani, kati ya nyumba namba hii na namba ile". Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 wengi tunaviona pambo tu. Vitumieni. Mhandisi akisoma barua yenye jina la barabara na namba ya nyumba, anajua pa kusimamisha gari.

Barua yenyewe ielekezwe panapohusika. Barabara za mitaani ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza mwaka 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Maji ya bomba ni DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Takataka ni halmashauri ya jiji. Kumfokea mwenyekiti wa mtaa ni kumwonea, hana greda wala fungu. Alicho nacho ni muhuri na muhtasari, na hivyo viwili ndivyo vinavyolibeba ombi kutoka mkutano wa wakazi hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye anayekalia kiti. Kwa hiyo msiondoke mkutanoni kabla mtendaji wa mtaa hajawasomea alichoandika.

Halafu kuna suala la majira. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini mapendekezo ya bajeti hukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Mvua zetu kwa kawaida ni Desemba hadi Aprili. Ukikimbilia kata mwezi Februari maji yakiwa yameshaingia sebuleni, unaomba dharura, na foleni ya dharura ni ndefu. Mkutano wa mitaro unatakiwa uitishwe Agosti au Septemba, vumbi likiwa limetanda na hakuna anayekumbuka tope. Ndiyo maana nawaambia majirani: mvua ikinyesha, piga picha, rekodi video, tunza. Septemba utaionyesha, na wale waliokuwa wanasema "mbona pakavu" watanyamaza.

Sasa maji yenyewe, maana ugomvi wote uko hapo. Dodoma hainyeshi sana, ila ikinyesha korongo lililokuwa njia ya mbuzi linageuka mto kwa saa moja. Kila mtu anataka changarawe mbele ya nyumba yake. Changarawe ikimwagwa na kushindiliwa, barabara inapanda, viwanja vya chini vinabaki shimoni. Sisi wa juu tulipoleta hoja ya mtaro, mama mmoja wa upande wa chini aliuliza, "Haya jamani, na huo mtaro wenu unamwagia kwa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ajenda ikaahirishwa, na nashukuru iliahirishwa.

Tuliupitia mtaa mzima kwa miguu baada ya mvua, tukiwa na fundi mwashi na mzee anayelijua eneo tangu likiwa mashamba ya mtama. Kwa yule mama, alama ya tope jekundu ilikuwa imepanda mpaka kozi ya tatu ya tofali, na mlangoni alikuwa amepanga mifuko ya saruji iliyojazwa mchanga. Tulipoyafuata maji kurudi nyuma tukafika kwenye ukuta wa jirani mmoja, umesimama juu ya njia yenyewe ya maji, ndani ya hifadhi ya barabara. Mwenye ukuta huo ndiye aliyekuwa akipiga kelele zaidi kuhusu mtaro.

Mambo ya mipaka msiyaseme mkutanoni. Mtu akiaibishwa mbele ya wenzake atautetea ukuta wake mpaka mahakamani. Kwetu walikwenda wazee wawili jioni, wakanywa chai, wakatoa ramani ya kiwanja, wakaomba waitafute pamoja bikoni, ile alama ya mpaka wa kiwanja. Ilikuwa chini ya michongoma. Alikubali kutoboa matundu chini ya ukuta ili maji yapite wakati taratibu nyingine zikiendelea. Ukuta haujabomolewa, lakini maji yana njia.

Jingine dogo: anayetaka kuvutiwa maji avushe bomba kabla greda halijapita. Barabara ikishashindiliwa ndipo watu wanapokumbuka kuchimba.

Michango? Msichangishe kabla ya kupata makadirio ya mtaalamu, na hesabu ibandikwe mahali wote wanaona.

Mwisho ni wapangaji. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika Dodoma mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Wengi wa waliokuja wamepanga, na ukimwalika mpangaji anakujibu, "Kaka, hapa si kwangu, muulize mwenye nyumba." Kumbe kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano wa mtaa, na yeye ndiye anayeshushwa na bodaboda mbali kwa sababu ya tope. Tangazo la kwenye grupu la WhatsApp halimfikii. Mwenye nyumba anayeishi Dar ndiye aliyemo kwenye grupu. Piteni geti kwa geti, na mkutano uwe Jumapili saa kumi jioni.