Jibu: Nusu marathoni ya Kilimanjaro, mapaja yanakufa kilomita ya 16

Habari ndugu, pole sana. Kama nimekuelewa, unajifua Dar kwenye tambarare na kilomita 18 unazimaliza vizuri, ila kwenye mbio za Moshi ulipanda hadi pa kugeuzia bila shida, kisha mapaja yakaanza kutetemeka kilomita ya 16, tena barabara ikiwa inateremka. Na goti pia umelitaja.

Yalinikuta hayohayo, mara mbili. Kwanza angalia saa yako: kilomita 5 za mwanzo ulizikimbia kwa kasi gani? Njia ya kuelekea Mweka, kule mlimani juu ya Moshi, inapanda karibu nusu ya zile 21.1, na wengi tunatoka uwanjani na kasi ya Dar. Mwaka uliofuata nilijizuia, watu wakanipita, nikawaachia. Mlimani ukishindwa kumwambia mwenzako sentensi nzima, punguza.

La pili ndilo tunalolisahau: mteremko. Mapaja yanafanya kazi ya breki kilomita nyingi mfululizo, na tambarare haiyafundishi hilo. Nenda Pugu, kwenye vilima vya hapo Dar, Jumamosi, tafuta kilima cha mita 400 hivi, panda taratibu, shuka mbio, mara 6. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, usiegemee nyuma. Siku mbili za kwanza hata kushuka ngazi utashika ukuta. Wiki ya tatu miguu imeshazoea. Acha mazoezi haya siku 10 kabla ya mbio.

Na kamba za viatu kaza pale juu karibu na kifundo cha mguu, la sivyo vidole vinagonga mbele na kucha zinageuka nyeusi.

Hilo goti ulilotaja siwezi kulipima kwa maandishi. Mwone daktari kabla hujaenda Pugu.