Nimefika Tanga, Tongoni sijaiona

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi naishi Dodoma, mwezi uliopita nlipata likizo ya siku tatu nikaamua kuja Tanga peke yangu, sina ndugu huko wala rafiki, nlitaka tu kuona magofu ya Tongoni. Siku moja ya kuja, moja ya kurudi, ikabaki moja. Asubuhi nikapanda gari ya Pangani, konda akasema tunatoka sasa hivi, tukakaa mpaka saa tano, tumetembea kidogo tu tairi likapasuka na spea hamna. Bodaboda akanitajia bei nikaona hii nauli ya kurudia nyumbani inaondoka. Nikarudi mjini nikazurura Ngamiani mpaka magharibi, nikanywa kahawa na wazee barazani. Nlifurahi kweli, ila huku watu wananiuliza ulienda kuona nini na mi sina jibu. Nimepoteza safari? Nikirudi nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, najua roho inavyouma ukikwama njiani na kitu ulichokifuata kipo hapo mbele tu.

Sikufichi, Tongoni umeikosa na ni ya kuumia. Ni kilomita 17 hivi kusini mwa mji, ulikuwa mji wa watu kwenye karne ya 14 na 15, leo kuna kuta za msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi kama 40, mengine yana nguzo. Ukisogea karibu na hizo nguzo utaona vishimo vya mviringo, humo ndo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka nchi za mbali, bakuli zenyewe hazipo tena ila duara limebaki, unaweza kuweka kiganja chako. Mi kila nikienda nasimama hapo muda mrefu. Na jina lenyewe linasema, tongo ni mahali palipohamwa. Zamani pakiitwa Mtangata, na Vasco da Gama akirudi kwao mwaka 1499 alichoma meli yake moja, São Rafael, kwenye maji ya huko, maana mabaharia walishakufa wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Lakini kusema umepoteza safari, hapana, hapo nakukatalia kabisa. Umezurura mji ambao Novemba 1914 Waingereza na askari wao kutoka India walishuka kuuteka wakashindwa, risasi zinalia na nyuki nao wametibuka wanauma kila mtu. Umekaa na wazee wa Ngamiani, dele liko kwenye makaa, vikombe vinasuuzwa vinagongana, kashata mkononi, sasa ungewauliza tu habari za Tongoni mwanangu, wapo wenye asili ya vijiji vya huko kusini na wangekuhadithia mpaka usiku. Hata Shaaban Robert alizaliwa upande huohuo, Vibambani, 1909. Siku nyingine usinyamaze, uliza, wazee wa huku wanapenda kuulizwa.

Ukirudi njoo na siku mbili kamili za kukaa. Usisubiri jua lipande, nenda stendi alfajiri uulize gari ipi inatangulia na imeshajaa kiasi gani, konda mwambie mapema akushushe Tongoni, na ukifika chukua namba ya bodaboda wa hapohapo kijijini mpatane bei ya kukurudisha kabla hujaanza kuzunguka, si baada. Beba maji. Beba na mtandio au kanga maana pale ni makaburi na msikiti, watu wa kijiji bado wanapaheshimu. Tena usikawie, kuta zile ni za zamani na chumvi ya bahari inazila.

Anza na Tongoni, mjini uje jioni. Kahawa ya Ngamiani utaikuta.