Maswali ya Bustani: Graniti Iliyooza na Vumbi Lake

Nilimwaga graniti iliyooza kwenye njia ya bustani, unene wa sentimita 10, nikapitisha rola siku hiyo hiyo. Juu ilikauka ikawa ngumu, lakini mvua ya kwanza imeigeuza tope na viatu vinazama. Si niliambiwa changarawe hii hujishika yenyewe?

Hujishika, ila kwa masharti. Graniti inapooza, felspa (madini laini zaidi) iliyomo hugeuka polepole kuwa udongo wa mfinyanzi, na kwatzi (madini magumu) hubaki kama punje ngumu zenye kona. Kona hizo huumana, nalo vumbi hujaza nafasi zilizobaki na kuzigandisha. Kokoto za mviringo za mtoni haziwezi kazi hiyo. Kila ukizikanyaga zinabiringika.

Kosa lako ni kumwaga sentimita 10 kwa mkupuo mmoja. Rola nyepesi hubana sentimita chache za juu tu, na chini kunabaki kulegea kama unga kwenye gunia. Maji yakishapenya hapo, vumbi lililopaswa kuwa gundi linakuwa tope.

Usimwage mpya juu ya ile mbovu. Tabaka jembamba halishikani na uso uliokwisha kuganda, litabanduka kama ukoko. Ikusanye yote kwenye turubai, kisha chimba njia hadi kina cha sentimita 17 hivi na ushindilie udongo wa chini. Tandika kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji, si karatasi ya nailoni, kisha kokoto zilizopondwa sentimita 10, nazo uzishindilie. Weka kingo imara za mawe, matofali au bamba la chuma, kwa sababu bila kingo pembeni hufumuka na njia nzima huanza kulegea kutokea hapo.

Sasa rudisha graniti kwa matabaka mawili, kila moja likiwa na unene wa sentimita 4 hadi 5 kabla ya kushindiliwa. Lilowanishe kwa mrashi mpaka unyevu ufike chini. Chukua konzi moja uifinye: tonge likishikamana na kumeguka vipande viwili, unyevu unatosha. Likimwagika kama mchanga, ongeza maji. Yakichuruzika vidoleni, subiri. Shindilia tabaka la kwanza ndipo uweke la pili. Uso uinamishe upande mmoja sentimita 2 kwa kila mita ya upana, au uunyanyue katikati. Pima kwa pimamaji, maana jicho hudanganya sana hapa. Usiikanyage mpaka ikauke, siku moja au zaidi kulingana na hali ya hewa.

Njia yangu ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.2. Niagize kiasi gani?

Kwa unene wa sentimita 7.5 baada ya kushindiliwa: 10 × 1.2 × 0.075 ni mita za ujazo 0.9. Ongeza robo, kwa kuwa ikibanwa hupungua, upate kama 1.1. Mita moja ya ujazo ikiwa haijashindiliwa ina uzito wa takribani tani 1.6, kwa hiyo agiza tani 1.8. Omba iliyochekechwa kwa tundu la milimita 6 hadi 10, na vumbi lake lisiondolewe.

Bustani yangu ina mteremko. Nichanganye saruji ili isichukuliwe na maji?

Sisi hatuipendi saruji hapa. Ikiwa kidogo, hutoa uso mgumu lakini dhaifu, unaopasuka ardhi ikicheza, na ufa wake hauzibiki kwa kushindilia tena. Afadhali kigandishi cha unga wa maganda ya mbegu za sailiamu (ndiyo, zile zile za kusaidia kupata choo). Ukilowa hutoa utelezi unaoshika punje, ukikauka hukaza. Kipimo cha kawaida ni kilo 6 hadi 8 kwa tani. Changanya vikiwa vikavu kabisa, kisha ongeza maji. Ukianza na maji utapata madonge ya uji. Kwa mchanganyiko huu tumia rola ya kawaida, si mashine inayotetemeka, kwani mtetemo huvuta maji na vumbi juu.

Graniti tupu inafaa mteremko unaoshuka si zaidi ya sentimita 5 kwa kila sentimita 100, yenye kigandishi hadi 8 hivi. Ukizidi hapo, jenga ngazi na uitumie graniti kwenye sehemu bapa za kukanyagia. Maji yanayotoka paani au mlimani yakatiwe mfereji kabla hayajafika njiani. Hakuna kigandishi kitakachoyashinda.

Udongo wangu ni mfinyanzi mzito. Nikiuchanganya na graniti iliyooza utapitisha maji vizuri?

Ukichanganya na vumbi lake, unatengeneza tofali. Sifa ile ile inayoifaa njia ndiyo inayonyima mizizi hewa. Mfinyanzi unahitaji mboji, si mchanga wala changarawe.

Kwa dungusi na mimea mingine inayohifadhi maji, chekecha kwanza: tupa kila kinachopita tundu la milimita 2, osha kilichobaki mpaka maji yatoke safi, kisha changanya nusu kwa nusu na udongo wa chungu. Kama matandazo, sentimita 3 hadi 5 zinatosha, ukiacha pengo la upana wa vidole vinne kuzunguka shina. Usiyashindilie. Wala usishindilie njia juu ya mizizi ya mti mkubwa: graniti iliyobanwa hupitisha maji kidogo sana, hata kama matangazo yanasema vingine.

Mbona magugu yanaota ilhali nilitandika kitambaa chini?

Mengi hayatoki chini. Mbegu huletwa na upepo na kuota kwenye majani yaliyooza juu ya njia. Fagia mara kwa mara na ung'oe magugu yakiwa machanga, siku ambayo njia ina unyevu. Ukiyang'oa pakavu utabandua uso wote.

Naweza kuifikisha hadi mlangoni?

Ishie mita 2 au 3 kabla, umalizie kwa mawe bapa. Punje za kwatzi hunasa kwenye soli na kuchuna sakafu ya mbao.