Bolti moja kwenye tegemeo la bawa, inatosha?

Mdogo wangu wa Goma, unauliza kama bolti moja ya milimita 8 inatosha kushika tegemeo la bawa, yaani mlingoti wa mshazari unaounganisha bawa na mwili wa ndege, kwenye ndege yako ya viti viwili, kilo 600. Kwanza ondoa wazo la nguzo ya nyumba. Angani bawa linataka kupanda, kwa hiyo tegemeo linavutwa. Ndege ikiwa chini ndipo linabanwa, na likiwa jembamba mno linapinda.

Makadirio tu: g 3.8, yaani mzigo mara 3.8 ya uzito wa ndege, mara 1.5 ya usalama ni 5.7. Kilo 600 mara 5.7, gawa kwa mabawa mawili: kilo 1,710 kila bawa. Tuseme tegemeo linabeba karibu zote. Likiwa nyuzi 30 na bawa, mvuto ndani yake unakuwa kilo 3,420. Ongeza asilimia 15 ya usalama wa kiungio, karibu 3,930. Boriti ya bawa nayo, kipande cha kutoka kwenye tegemeo hadi mwilini mwa ndege, inabanwa kwa kilo 2,960 hivi. Hapo wengi hawapigi hesabu kabisa!

Bolti halisi ya ndege itahimili ikiwa imepita kwenye uma, yaani kiungio chenye meno mawili, imeshikwa pande zote mbili. Ikishikwa upande mmoja, hapana. Bolti za kawaida za mtaa wa Birere, hapo Goma, usiziguse. Mimi ningehofia zaidi sikio la chuma, kile kibamba chenye tundu la bolti: kutoka katikati ya tundu hadi ukingoni paache angalau kipenyo mara mbili. Mirija ikinge kutu kwa ndani. Mategemeo ya ndege za Piper za zamani yaliwekewa amri ya ukaguzi kwa sababu hiyo.