Jibu: Ghorofa jipya Posta liwe na maegesho mangapi?

Mkuu, umeuliza kama ghorofa la nyumba 60 pale Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, lilazimishwe kuwa na nafasi 60 za magari. Mimi nasema lisilazimishwe.

Piga hesabu kwanza. Gari lenyewe linakaa kwenye mita za mraba 12 hivi, lakini ukiongeza njia ya kupita na kugeuzia, kila nafasi inakula 25 hadi 30. Nafasi 60 ni mita za mraba 1,500 hadi 1,800, na gharama yake inaingia kwenye kodi ya kila mpangaji, hata yule mama anayepanda basi la mwendokasi kila asubuhi. Hilo linaniuma sana, maana asiye na gari anamlipia mwenye gari.

London ilifuta kiwango cha chini cha maegesho ambacho kila jengo jipya lililazimishwa kuwa nacho mwaka 2004, ikaweka kikomo cha juu. Jiji la Mexico likafanya hivyo 2017. Na Posta mwendokasi upo tangu 2016.

Ila nafasi za watu wenye ulemavu na sehemu ya kushushia mizigo ziwe lazima kabisa. Zikikosekana, malori yatashusha barabarani, na siku ya moto gari la zimamoto halitapita.